Kempton Park usiku wa Jumatano: mahali pa kujifunza kumtambua mshindi

Wenzangu kazini huniuliza kama kuna maana ya kulipa kiingilio kwenda kutazama farasi usiku, katikati ya wiki, kwenye baridi ya Desemba, wakati resi zote unaweza kuziona kwenye simu ukiwa umejifunika blanketi. Jibu langu ni ndiyo, nendeni. Kwenye simu unaona nani ameshinda. Pale uwanjani, ukijua pa kutazama, unaona ni kwa nini atashinda, na unaona kabla geti halijafunguka.

Uwanja ninaousifia hapa ni Kempton Park, Sunbury, magharibi mwa London. Ni mmoja wa viwanja sita vya Uingereza vyenye njia isiyotegemea hali ya hewa. Vingine ni Lingfield, Wolverhampton, Southwell, Newcastle na Chelmsford. Badala ya nyasi, farasi hukimbia juu ya mchanga uliochanganywa na nyuzi za plastiki na vipande vya mpira, kisha vyote vikapakwa nta ili maji yapite chini na barafu isiugeuze mchanga kuwa jiwe. Lingfield ndio waliotangulia, mwaka 1989, kwa sababu majira ya baridi yalikuwa yakifuta mbio nyingi mno, na watu wa mabanda ya farasi na wa dau wote wakabaki hawana kazi. Kempton wakaweka ya kwao mwaka 2006, aina inayoitwa Polytrack, pamoja na taa za usiku. Wolverhampton, Southwell na Newcastle wao wanatumia Tapeta, aina nyingine ya mchanga huo, kazi ya Michael Dickinson, yule mkufunzi ambaye mwaka 1983 farasi wake walishika nafasi zote tano za mwanzo katika Gold Cup ya Cheltenham, mbio kubwa ya kuruka viunzi.

Kwa mtu anayetaka kutabiri, njia hii ina faida moja kubwa. Nyasi hugeuka. Mvua ya saa mbili inaweza kumfanya farasi mwepesi aonekane mzembe, na yale uliyosoma asubuhi yakawa hayana kazi jioni. Polytrack haigeuki hivyo. Kempton taarifa ya njia karibu kila mara ni ile ile: kawaida, ikielekea nzito kidogo. Kwa hiyo farasi aliyekimbia hapa Novemba amekuachia ushahidi unaoweza kuutumia Januari. Ndiyo maana nasema hapa ndipo pa kujifunzia.

Mimi ni mtoto wa saisi. Baba alipiga brashi na kutembeza farasi wa watu Ngong, Nairobi, na utoto wangu Jumapili ilikuwa siku ya mbio. Uwanja wa Ngong upo tangu 1954, mbio zilipohamishwa kutoka Kariokor, na ndiyo maana mjini bado kuna Racecourse Road mahali ambapo siku hizi hapapiti kitu ila magari na mikokoteni. Pale ni nyasi tupu, na masika yakikaza, kwato zinazama. Baba hakuwa mtu wa kubeti. Alikuwa akisema, mwangalie akitembea, kukimbia atakimbia tu. Sasa naendesha basi upande huu wa London, na siku yangu ya mapumziko ikiangukia Jumatano naipeleka Kempton.

Kufika si kazi. Treni kutoka Waterloo inakushusha kituo cha Kempton Park, chini ya saa moja, na lango la uwanja liko hapo hapo. Resi ya kwanza huwa jioni mapema na ya mwisho inaelekea saa tatu usiku, na kati ya moja na nyingine kuna kama nusu saa. Vaa koti zito, soksi mbili, na kofia. Chakula ni chipsi na baga za kawaida za viwanjani, kula nyumbani. Kuna sanamu ya Desert Orchid, yule farasi mweupe wa kuruka viunzi aliyeshinda mbio ya King George hapa mara nne, na majivu yake yamezikwa karibu nayo. Mpitie umsalimie, kisha nenda moja kwa moja nyuma ya jukwaa, kwenye duara la kuonyeshea farasi.

Kabla ya duara, hata hivyo, kuna kazi ya mezani. Mimi huifanya asubuhi, na chai ya maziwa, kijitabu cha resi kikiwa wazi kwenye tovuti ya Racing Post, gazeti la mbio za farasi. Naanza na njia yenyewe, kwa sababu wengi huanza na jina la farasi na wanapotea hapo hapo.

Kempton ndio uwanja pekee kati ya hivyo sita ambapo farasi wanazunguka kwa mkono wa kulia. Kwingine kote wanakata kushoto. Farasi naye ana mkono wake. Kuna anayekata kona upande mmoja kwa raha na upande mwingine akajitupa nje. Ukiona farasi ameshinda mara mbili Wolverhampton na hajawahi kukimbia kulia, weka alama ya kuuliza. Halafu njia yenyewe ina duara mbili, moja ndani ya nyingine. Ile ya ndani hutumika kwa falongi tano (falongi moja ni kama mita mia mbili) na kwa maili moja na robo. Kona yake ni kali na mnyoosho wa mwisho ni mfupi. Ile ya nje hubeba umbali mwingine, falongi sita, saba, maili moja, hadi maili mbili, na kona yake ni pana zaidi. Kwa hiyo falongi tano za Kempton na falongi sita za Kempton ni mitihani miwili tofauti, ingawa kwenye karatasi vinaonekana ndugu.

Namba ya geti ndiyo inayofuata. Kwa kuwa wanakata kulia, geti namba 1 liko kwenye reli ya ndani. Kwenye falongi tano na sita geti dogo ni mali. Hesabu yenyewe ni ya shule ya msingi: kwenye kona ya nusu duara, kila mita moja unayokaa nje ya reli inakuongezea zaidi ya mita tatu za kukimbia. Mita tatu ni zaidi ya urefu wa farasi mzima, na resi nyingi za usiku hapa huamuliwa kwa shingo au kichwa. Farasi wa geti la kumi na moja ana njia tatu tu: achomoke kwa nguvu nyingi apite mbele ya wote, au azunguke kona akiwa mtu wa nne nje, au ashikwe nyuma asubiri. Zote zina gharama.

Basi swali la tatu ni nani ataongoza. Hili sijawahi kuona watabiri wa bei rahisi wakiligusa, na kwangu ndilo kubwa kuliko yote. Soma maelezo ya resi zilizopita, si tarakimu peke yake. Ukikuta farasi wanne wanaopenda kuongoza, watakabana koo mapema na mlango utafunguka kwa anayekuja nyuma. Ukikuta mmoja tu, na yuko geti la 2 au la 3, huyo atapewa uongozi bure, atapumua kwenye kona, na kumkamata itakuwa shida. Chelmsford hili lina nguvu hata zaidi. Newcastle ni kinyume, maana wana mnyoosho wa maili nzima bila kona na mwisho wake unapanda. Anayekimbilia mbele huko mara nyingi hulipa mita mia za mwisho.

Sasa tarakimu. Mgeni akiona 4-2130 kando ya jina anadhani ni namba ya simu. Zinasomwa kutoka kulia: resi ya mwisho alikuwa nje ya tisa bora, ndiyo maana ya sifuri, kabla yake wa tatu, kabla yake akashinda, kabla yake wa pili, ile nne kabla ya kistari ni ya mwaka uliopita. Herufi C inasema ameshinda uwanja huu, D ameshinda umbali huu, CD ameshinda umbali huu hapa hapa uwanjani. BF maana yake mara ya mwisho ndiye aliyetarajiwa na wengi, akaangusha watu. Herufi ndogo kando ya jina nazo zinazungumza: b ni vizuizi vya macho, t ni ulimi uliofungwa ili asijizibe pumzi, p ni vipande vya manyoya mashavuni vya kumfanya atazame mbele. Ikiwa na 1 kando, ndiyo mara yake ya kwanza kuvaa, na mkufunzi anajaribu kitu.

Resi nyingi za usiku ni handikapu. Kila farasi ana alama kutoka kwa wasimamizi wa mbio, na kila alama ni pauni moja ya uzani mgongoni. Mwenye alama 60 humbebea mwenye 53 pauni saba zaidi, zaidi kidogo ya kilo tatu. Nia ni wote wafike mstarini pamoja. Kazi ya mtabiri ni kumtafuta yule ambaye alama yake haijalingana na uwezo wake wa leo: aliyeshushwa baada ya resi mbili tatu zenye kisingizio cha kweli, au kijana anayekua haraka kuliko wasimamizi wanavyoweza kuandika. Joki mwanafunzi naye hupunguziwa uzani, pauni saba mpaka ashinde mara 20, tano mpaka 50, tatu mpaka 95. Mwanafunzi mwenye mikono mizuri juu ya farasi wa mbele ni zawadi, kwa sababu akiongoza hana maamuzi mengi ya kufanya.

Niwaonyeshe resi moja. Ilikuwa Desemba, falongi sita, daraja la sita, ambalo ni la chini, farasi kumi na wawili. Aliyetarajiwa na wengi alikuwa maksai wa kahawia, ameshinda mara yake ya mwisho Wolverhampton, na kwa kushinda huko akaongezewa pauni sita. Geti lake la 11. Hajawahi kukata kulia. Kando yake, magetini 9 na 12, kulikuwa na wawili wengine wanaopenda kuongoza. Geti la 2 alikuwa jike mwekundu ambaye tarakimu yake ya mwisho ilikuwa sifuri, na bei yake, yaani malipo kwa atakayemwekea dau akashinda, ilikuwa kubwa kwa sababu hiyo. Lakini ile sifuri aliipata falongi saba, kutoka geti la mwisho kabisa, akiwa nje njia nzima. Mbele ya jina lake kulikuwa na CD. Alama zake zilikuwa zimeshuka kutoka 62 hadi 57, na juu yake alipanda mwanafunzi wa pauni tano. Kwenye karatasi nilikuwa nimeshamaliza. Nilichotaka ni kumwona.

Duara la Kempton ni dogo na usiku wa Jumatano halina watu wengi. Unasimama kwenye uzio na farasi wanapita hatua mbili kutoka puani mwako. Yule maksai alikuja akivutwa na watu wawili, mmoja kila upande. Shingo yake ilikuwa inang'aa kwa jasho katika baridi ile, na katikati ya mapaja ya nyuma povu jeupe lilikuwa limeshajikusanya kama la sabuni. Kila alipofika kwenye pembe inayoelekea njiani alisimama, akainua kichwa, akatembea kimshazari. Kuna farasi wanaotoka jasho na bado wanashinda, baba alinifundisha nisikimbilie kuhukumu kwa hilo. Ila jasho la yule lilikuwa linaongezeka kila mzunguko, na kutembea kimshazari ni kupoteza nguvu ambayo utaihitaji baadaye.

Yule jike alikuwa na saisi mmoja tu, msichana, na hatamu ilikuwa imelegea mkononi mwake. Masikio yalikuwa yanacheza, moja mbele, moja nyuma. Tazama miguu ya nyuma: kila hatua, kwato ya nyuma ilikuwa inatua mbele ya pale kwato ya mbele ilipotoka, kwa upana wa kiganja hivi. Farasi mwenye maumivu ya mgongo au ya nyonga hafanyi hivyo. Hatua yake hukatika. Manyoya yake yalikuwa yamekatwa, ngozi imekaza, mbavu mbili za mwisho zinaonekana kwa mbali pasipo kukonda. Ngong tungesema amefungwa vizuri. Saisi alikuwa akizungumza naye njia nzima.

Wakatoka. Kutoka jukwaani, falongi sita zinaanzia upande wa mbali, na bila skrini kubwa huoni geti likifunguka. Jike akatoka sawa, akashika reli bila kusukumwa. Wa 9, 11 na 12 wakawa wanakimbizana kuelekea ndani, hakuna aliyefanikiwa, na maksai akazunguka kona nzima akiwa wa nne kutoka reli. Kwenye mnyoosho alikuja, ni farasi mwenye moyo, lazima nimpe haki yake. Alimfikia jike ubavuni, wakaenda pamoja hatua kadhaa, kisha yule jike akanyoosha shingo na kumwacha hapo. Aliporudi, mwanafunzi alikuwa ameshusha miwani yake shingoni na uso wake ulikuwa msafi. Majoki wengine wote walikuwa na madoadoa ya mchanga kuanzia paji la uso hadi kidevuni. Mchanga unaorushwa na kwato za mbele ni jambo zito kwenye njia hizi. Farasi wengine wakipigwa nao usoni mara ya kwanza hukata tamaa papo hapo, na hiyo ni sababu nyingine ya kumpenda aliye mbele.

Resi za wanagenzi ni habari nyingine kabisa. Hizi ni za farasi wachanga ambao hawajashinda au wameshinda kidogo, na hapo mabanda makubwa ya Newmarket, mji wa wakufunzi wa farasi, huleta watoto wao wa bei kali. Ukiona farasi wa wakufunzi kama Charlie Appleby au akina Gosden anakuja kwa mara ya kwanza usiku wa baridi, usidhani wamemleta mahali pa kutupia taka. Enable, jike maarufu wa banda la Gosden, alianza maisha yake ya mbio kwenye Tapeta ya Newcastle, Novemba 2016, akashinda. Na hapa Kempton ndipo aliporudia mbio Septemba 2018 baada ya kukaa nje kwa muda mrefu, akamshinda Crystal Ocean katika September Stakes, joki Frankie Dettori mgongoni, na wiki chache baadaye akashinda Arc, ile mbio kubwa ya Paris, kwa mara ya pili. Mwaka 2020 akaja tena akashinda hapa hapa. Mwaka 2019 mbio kubwa ya wachanga ilihamishwa kutoka Doncaster kwa sababu ya nyasi zilizojaa maji ikapelekwa Newcastle, Kameko akashinda, na mwaka uliofuata akachukua 2000 Guineas, moja ya mbio kubwa za Uingereza. Kwenye resi hizi mimi siweki dau. Bei ya anayetarajiwa na wengi huwa ndogo mno, na wengine hakijulikani chochote juu yao. Nasimama dukuduku likinijaa, naandika majina ya waliomaliza wa tatu na wa nne bila kupigwa kiboko, maana hao ndio washindi wa Februari.

Hapo kuna mkufunzi mmoja wa kufuatiliwa kwa jicho la pekee, Sir Mark Prescott wa Newmarket. Farasi huhitaji kwa kawaida kukimbia mara tatu ndipo apewe alama. Yeye huwakimbiza wachanga wake mara hizo tatu kwenye umbali mfupi, wanamaliza katikati, wanapata alama ndogo. Kisha mwaka unaofuata anawapeleka mbali zaidi, mahali ambapo damu yao ilikuwa inataka tangu mwanzo, nao wanashinda resi baada ya resi kabla wasimamizi hawajawafikia. Yote yako wazi, kila mtu anaweza kusoma nani ni baba na nani ni mama wa farasi. Joki wake wa miaka mingi ni Luke Morris, ambaye amekuwa bingwa wa njia hizi za mchanga mara nyingi na mwaka 2022 akashinda Arc na Alpinista wa banda hilo hilo. Ukimwona Morris usiku wa Jumatano amejikunja juu ya shingo ya farasi wa daraja la sita akisukuma kana kwamba ni Paris, utaelewa kwa nini nampenda.

Kuna jambo limenikera na lazima niliseme. Siku hizi kuna watu wanauza utabiri kwa malipo ya mwezi, kwenye simu. Rafiki yangu alijiunga na kundi mojawapo, akanionyesha. Asubuhi linakuja jina la farasi, saa ya resi, alama za moto tatu, basi. Hakuna geti, hakuna nani ataongoza, hakuna kwa nini. Akishinda wanapiga picha ya mkeka. Akishindwa ujumbe unafutwa. Kijana wa watu analipa pesa ya jasho na baada ya miezi hajui farasi hata mmoja kwa sura. Mtabiri wa haki hukupa sababu zake, ili akishindwa uweze kuona sababu ipi ilikatika. Maelezo ya Timeform, kampuni ya kuchambua mbio, hufanya hivyo, ya Racing Post hufanya hivyo, na mengi ya kukutosha unayasoma bure.

Na kwa ndugu zangu ambao dini yao haiwaruhusu kamari, nawaambia njooni vilevile. Dubai, uwanja wa Meydan, huko ambako vijana wengi wa Mombasa na Tanga wanafanya kazi, kwa miaka mingi kuweka dau kumekuwa marufuku na bado watu hujaa. Hata kule walijaribu Tapeta kuanzia 2010, kisha wakaing'oa wakarudi kwenye udongo kabla ya Kombe la Dubai la 2015. Kutabiri ni kazi ya macho na akili. Pesa si lazima iwepo. Mimi huweka pauni mbili kwa resi ninayoielewa, na resi ninayoielewa huwa moja au mbili kwa usiku. Zilizobaki natazama.

Kasoro za Kempton nazitaja. Usiku wa kawaida madaraja ni ya chini, na resi mbili tatu mfululizo za daraja la sita zinachosha kama huna jicho la kutafuta. Upande wa mbali uko mbali kweli, chukua darubini. Hakuna shamrashamra, na mtu aliyekuja kwa ajili ya kofia na muziki atajuta. Mwaka 2017 wenye uwanja, Jockey Club, walitangaza mpango wa kuuza ardhi hii zijengwe nyumba. Haukutekelezwa, na ninaomba usirudi, kwa sababu hakuna pengine karibu na jiji hili ambapo dereva wa basi anaweza kusimama hatua mbili kutoka kwa farasi wa mwana wa mfalme siku ya kazi.

Upande wa farasi wenyewe, nimeridhika kiasi. Tangu 2023 joki wa mbio za tambarare, zisizo na viunzi, haruhusiwi kumpiga farasi zaidi ya mara sita, na fimbo yenyewe imefunikwa sponji. Takwimu za Marekani zimeonyesha mwaka baada ya mwaka kwamba vifo vya farasi ni vichache kwenye njia za aina hii kuliko kwenye udongo. Hilo kwangu lina uzito kuliko bei yoyote ya mshindi.

Jumatano ijayo nitakuwa pale tena. Kwenye falongi tano za duara la ndani nitatafuta mtu wa mbele aliye geti la 1 hadi la 4, hasa ikiwa aliyetarajiwa amewekwa nje. Kwenye maili moja nitamsamehe yeyote aliyeshindwa kutoka geti la juu mara ya mwisho na sasa ameletwa ndani. Kwenye maili mbili nitamtafuta wa miaka minne anayeongezewa umbali kwa mara ya kwanza, mwenye mama aliyezaa wakimbiaji wa mbali, na nitamwangalia kwenye duara kabla ya kugusa mfuko. Akija na hatamu imelegea na hatua ya nyuma inapita ya mbele, huyo ndiye wangu.